Risha na Mkono Unaoichagua

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutupiwa mvivu, yule anayefika shambani jua limekwishapanda, akalipima jembe hili kwa mpini na lile kwa makali, hata siku ikamwishia ukingoni mwa konde. Kwa mvivu methali ni ya haki. Lakini ina upande wa pili usiosemwa mara nyingi, nao ni kwamba mkulima wa kweli naye huchagua, tena kwa ukali kumshinda huyo mvivu. Tofauti ni kuwa yeye amekwishachagua zamani. Jembe lake limekaa nyuma ya mlango likimngojea, na ole wake mtoto atakayelichukua bila ya ruhusa. Mpini umelika pale viganja vinapokaa, na mtu mwingine akilishika huona kwamba limekaa vibaya, ilhali mwenyewe haoni jembe kabisa, anaona udongo.

Kuna vyombo vidogo kuliko jembe ambavyo jambo hili huonekana kwavyo kwa uwazi zaidi, na kilicho kidogo kabisa labda ni risha. Hicho ni kile kipande chembamba ambacho mpigaji wa udi au wa gitaa hukishika baina ya vidole ili kupigia nyuzi. Jina ni la Kiarabu na maana yake ni unyoya, kwani kwa karne nyingi udi ulipigwa kwa mrija wa unyoya wa ndege mkubwa, tai akipendelewa kuliko wote. Masimulizi ya muziki wa Waarabu yanamtaja Ziryab, aliyewasili Cordoba mwaka 822, kuwa ndiye aliyeiacha risha ya mti akashika ya unyoya wa tai. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17 aliyeyahifadhi masimulizi hayo, anataja na sababu zake: unyoya ni laini, ni safi, ni mwepesi juu ya vidole, na uzi hudumu zaidi. Inafaa kuangalia kwamba katika sababu hizo sauti haikutajwa peke yake. Vidole vimepewa haki yao ya kuridhika.

Mpigaji wa udi huipitisha risha yake, ambayo ni ndefu kama kalamu iliyokatwa, ndani ya kiganja, ncha ikachomoza baina ya kidole gumba na cha shahada, na kifundo cha mkono kikainama kama cha mtu anayenyunyiza maji. Mpigaji wa kanuni hufunga risha mbili, moja kwa kila kidole cha shahada, zikishikiliwa na pete za chuma, kwa hiyo yeye hana hofu ya kuangusha. Mpigaji wa gitaa ndiye mwenye mtihani mkubwa, kwa kuwa risha yake ni kijipande mfano wa jani dogo la pembe tatu, na hakuna kinachoishikilia ila kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Ikiwa chini ya nusu milimita hupinda kama karatasi na kutoa mchakacho inapopita juu ya nyuzi zote kwa pamoja, nao wengine huupenda. Ikivuka milimita moja haipindi tena, uzi ndio unaosalimu amri, na kila noti hutoka kamili na kwa wakati wake. Ncha kali huleta sauti angavu, ncha ya mviringo huleta sauti nene. Wapo watakao uso wenye mikwaruzo ili jasho lisiitelezeshe, wapo waitoboao tundu katikati ili nyama ya kidole ipate pa kuingia, na wapo wasiotaka chochote cha hayo. Mpigaji wa kundi la Queen la Uingereza, Brian May, amepata sifa ya dunia nzima akipigia sarafu ya zamani ya peni sita.

Mwanagenzi akiwekewa risha kumi mezani, atauliza ipi bora. Fundi hatamjibu. Atamwambia azishike zote, na baada ya muda mwanagenzi atatoa moja na kusema hii imeingia mkononi. Neno hilo, kuingia mkononi, ni la maana kuliko linavyosikika. Risha iliyoshikwa kwa nguvu mno hukakamaza mkono mpaka begani, na muziki ukatoka umekunjwa uso. Iliyoshikwa kwa ulegevu mno huzunguka katikati ya kipande na kumwacha mpigaji amebaki na ubavu wake badala ya ncha. Baina ya viwili hivyo pana mahali ambapo kidole hushika bila ya kubana, kama nahodha na kana ya usukani wake katika upepo wa wastani. Risha inayofaa ni ile inayomsaidia mtu kupaona mahali hapo na kisha kupasahau. Anayeifikiria risha yake bado hajaipata.

Kwa hivyo mkono ni hakimu, na katika hukumu yake hapana rufaa. Hivyo ndivyo wapigaji wote husema, na kama mambo yangeishia hapo pasingekuwa na suala la maadili, pangekuwa na suala la fundi na kazi yake tu. Lakini mkono, katika kutafuta kwake, ulifika kwa ng'amba.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba ng'amba si kasa, ijapokuwa ni wa jamii moja. Ng'amba ana mdomo kama wa kipanga, hula sifongo za baharini katika miamba ya matumbawe, na mgongoni amebeba vigae 13 vikubwa vilivyopandana kama makuti juu ya paa, vya rangi ya asali na kahawa. Vigae hivyo vimeumbwa kwa keratini, maada ile ile ya jamii ya kucha, pembe na mrija wa unyoya. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: mpigaji aliyetafuta kila pahala kitu cha kupigia nyuzi, mwisho huangukia kitu kilicho ndugu wa ukucha wake mwenyewe. Wapigaji waliokishika husema kwamba kinapokea joto la kidole upesi, hakitelezi kwa jasho kama plastiki, kinapinda na kurudi, na ncha yake ikisuguliwa hung'ara na kuupita uzi bila ya kelele. Wengi wao wanaamini kuwa hakijapatikana badala yake. Si haki kuwaita waongo, kwa sababu wanayoyasema wameyajua kwa vidole.

Biashara ya gamba hilo katika mwambao huu ni ya kale mno. Kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya 1, kile kinachoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja gamba la ng'amba miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Rhapta, na kulisifu kuwa bora baada ya lile la Bara Hindi. Kinataja vile vile kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wengine wanakiona kuwa Pemba na wengine Unguja au Mafia, na kueleza kuwa wenyeji wake waliwavua kasa kwa matenga waliyoyafunga katika milango ya mikondo ya maji. Baadaye wavuvi wa pwani walimtumia chazo, yule samaki mwenye kibandiko kichwani, wakamfunga kamba mkiani na kumwachia agande juu ya mgongo wa kasa, kisha wakavuta. Kutoka katika magamba hayo zilitengenezwa vitana, visanduku, miimo ya miwani na mapambo ya kila namna. Katika biashara kubwa kiasi hicho risha ilikuwa ni kitu kidogo sana, pengine makombo ya kitana.

Namna gamba linavyotoka haipendezi kusimuliwa, lakini haifai kurukwa. Vigae havibanduki vyenyewe. Huhitaji moto au maji ya moto. Taarifa za karne ya 19 kutoka Ceylon zinaeleza jinsi wanyama walivyowekwa juu ya moto wakiwa hai mpaka vigae vikaachia, kisha wakarudishwa baharini kwa dhana kwamba wataota vingine. Ng'amba huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, hivyo kila anayeuawa kabla ya hapo ameondoka bila ya kuacha kitu. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulianza kufanya kazi mwaka 1975, na kufikia mwaka 1977 ng'amba wa bahari zote walikuwa wamewekwa katika orodha yake ya kwanza, inayofunga biashara baina ya nchi na nchi. Japani, soko kubwa kuliko yote, iliacha kuingiza magamba mwishoni mwa mwaka 1992. Tangu mwaka 1996 shirika la IUCN linamhesabu ng'amba miongoni mwa walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Bado anataga katika fukwe chache za visiwa hivi, Misali ikiwa mojawapo.

Na achukuliwe sasa mpigaji mmoja wa gitaa, wa kubuni lakini si wa ajabu. Ni mtu wa makamo. Mwalimu wake alipofariki alimwachia kijisanduku, na ndani yake mlikuwa na risha tatu za ng'amba, zimelika ncha kidogo, zimekuwa laini kama kokoto za ufukweni. Amepigia hizo kwa miaka mingi. Hakumuua ng'amba yeyote, hakununua, hakuuza. Wanaomjua wanamjua kuwa mtu mpole. Siku moja mwanafunzi wake anamuuliza ni risha gani hiyo na inapatikana wapi. Suala ni hili: amjibu nini, na aendelee kupigia nini?

Hoja ya kwanza atakayoitoa ni kwamba ng'amba amekwishakufa, na kuitupa risha hakutamrudisha majini. Hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na wanaoipuuza hawamtendei haki. Kuizika risha iliyokwisha kutengenezwa hakumfaidii mnyama yeyote aliye hai. Huenda kukamfaidi mzikaji tu, kwa kumpa hisia ya usafi ambayo hakuilipia kitu. Lakini hoja hiyo ina kasoro ambayo kila mpigaji anaijua kuliko mwanafalsafa: risha hulika. Zilikuwa tatu, zitakuwa mbili, itakuwa moja, kisha hapatakuwa na kitu. Siku hiyo mkono uliolelewa kwa ng'amba utadai ng'amba, na atakayeudai si marehemu mwalimu. Kuzitumia zile alizorithi kwa hakika si dhulma. Ila kwa kuzitumia ameliahirisha suala badala ya kulijibu, na kila mwaka unaopita unauzidishia mkono haki ya kudai.

Hoja ya pili ni udogo. Kijipande kama ukucha! Pana meli zinazokokota nyavu na kuua kasa wengi kwa safari moja, naye anaulizwa kwa kitu kinachopotea mfukoni. Ni kweli, na aliyewahi kuona wavu wa aina hiyo hatamlaumu kwa kuona uchungu. Lakini uharibifu karibu wote wa dunia hii umegawika vipande vidogo kama hivyo, na haba na haba iliyojaza kibaba ndiyo hiyo hiyo inayokimaliza. Zaidi ya hayo, wa nyavu ataulizwa yake. Kuwepo kwa mwizi mkubwa hakujawahi kumsafisha mdogo mbele ya kadhi.

Hoja ya tatu ni ya urithi, nayo hutamkwa kwa sauti nzito: mwacha asili ni mtumwa. Hapa mpigaji anastahili kuulizwa asili ipi. Jina lenyewe la risha linashuhudia kwamba ng'amba si asili yake. Asili ni unyoya, na kabla ya unyoya, kama Al-Maqqari alivyohifadhi, ulikuwa mti. Nyuzi zilizokuwa za utumbo wa mnyama zimekuwa za nailoni, na taarab haikufa. Isitoshe, alichokirithi kwa mwalimu wake si gamba. Ni ule mwinamo wa kifundo, ni kule kukawia kidogo kabla ya noti ya mwisho, ni subira ya kuachia uzi ulie mpaka uishe. Mambo hayo hayamo ndani ya kijisanduku, na kama yangekuwamo, mtu yeyote aliyekiiba angekuwa fundi.

Inabaki hoja ya nne, na hii ndiyo ambayo mtu huwa hasemi, huionesha tu kwa kuishika risha na kuipiga: isikilizeni, kisha sikilizeni ile ya plastiki. Mkono unajua. Hapo wenye kumlaumu hunyamaza, kwa kuwa wao si wapigaji, na nani atabishana na mkono wa miaka 30?

Lakini mkono unajua nini hasa? Maurice Merleau-Ponty, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya utambuzi kwamba fimbo ya kipofu, kwa aliyeizoea, si kitu tena anachokigusa; ni ncha ya mwili wake, na mguso huanzia kule fimbo inapoishia. Kila mpigaji ataisadiki habari hiyo bila ya kufungua kitabu. Ila katika kurasa hizo hizo anatoa mfano mwingine ambao hautajwi sana. Ni wa mpigaji wa kinanda kikubwa cha kanisa anayefika mahali pageni akakuta kinanda asichokijua, chenye safu zaidi au pungufu na vishikio vilivyopangwa kwa namna nyingine. Hukaa, hujaribu kwa muda wa saa moja hivi, na jioni hupiga. Hakujifunza upya muziki. Aliuhamisha mwili wake, akaukalisha katika kinanda kipya kama mtu anavyohamia nyumba.

Ikiwa ni hivyo, ushahidi wa mkono ni wa kweli lakini si ushahidi wa kile unachodhaniwa. Mkono unaposema hii ndiyo, hausemi kwamba risha hii ni bora kwa dhati yake. Unasema umekaa nayo. Ni shahidi mwaminifu wa maisha yake wenyewe, kama bibi mzee anayeapa kwamba hapajawahi kuwa na mji kama ule aliozaliwa. Mazoea yana taabu, na taabu yake mojawapo ni kwamba huvaa kanzu ya ujuzi na kuketi katika kiti chake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na aliyeimba nyingi katika nyimbo zake kwa Kiswahili cha kwao, hakuhitaji risha ya kitu chochote. Kidole gumba na cha shahada vilimtosha kutoa kutoka gitaa moja sauti iliyoonekana kama ya watu wawili. Mkono wake nao ungeapa, na ungeapa dhidi ya ng'amba na plastiki kwa pamoja.

Hapa ndipo penye mtego kwa upande wa pili, na wengi wa wenye nia njema huuingia. Wakishaona kuwa hukumu ya mkono ni mazoea, hukimbilia kusema kwamba basi hakuna tofauti, risha ni risha, na anayelalamika anajidekeza. Huo si ukweli. Tofauti ipo. Kitu kinachopokea joto na kitu kisichopokea si kimoja. Kidole hakidanganyiki hapo, na sikio lililolelewa vizuri halidanganyiki pia. Mpigaji akiiacha ng'amba atapoteza kitu, na huenda kile atakachopoteza kisirudi katika umri wake uliobaki. Maadili yanayohitaji kumwambia mtu kwamba hapotezi kitu ni maadili dhaifu, kwa sababu siku atakapogundua kwamba amepoteza atahisi amedanganywa, na atarudi kijisandukuni kwa hasira. Ni heshima zaidi kumwambia: ulichonacho ni kizuri, nawe utakikosa, na kukikosa huko ndiyo bei, na ni bora uilipe wewe kwa vidole vyako kuliko ilipwe na asiyepiga gitaa.

Historia imewahi kushuhudia bei kama hiyo ikiepukwa, nayo inagusa visiwa hivi kwa njia ya kejeli. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Connecticut, Marekani, kugeuzwa vibao vya piano. Ndovu mwingine akageuzwa mipira ya biliadi. Pembe zilipopanda bei, kampuni moja ya biliadi ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha badala. Kutokana na shauku hiyo John Wesley Hyatt alipata seluloidi, ambayo yeye na nduguye waliipatia hataza mwaka 1870. Ilitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki ikachanganywa na kafuri, ile ile inayojulikana hapa kwa kuoshea maiti. Kafuri, basi, ilichangia kumpunguzia ndovu mauti. Lakini aliyeleta badala hakufanya hivyo kwa huruma, alifanya kwa sababu ndovu wamekuwa ghali. Seluloidi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa risha ya kawaida ya gitaa katika karne ya 20, na mpaka leo inauzwa ikiwa imetiwa mabaka ya asali na kahawa ili ifanane na gamba. Wapigaji wengi wanaoyashika mabaka hayo hawajui kwamba wameshika picha ya mnyama.

Picha hiyo si bure. Inaonesha kwamba mkono hubadilika upesi kuliko tamaa: vidole vya vizazi vitatu vimekwisha kuzoea seluloidi na nailoni, ilhali jicho bado linataka kuambiwa kwamba ni ng'amba.

Kuhusu cha kushika badala yake hapana haja ya maneno mengi. Wapigaji wa udi kwa muda mrefu wamejikatia risha kutoka plastiki za chupa na vifaa vya nyumbani, na baadhi yao hupiga vizuri sana. Plastiki ina dhambi yake, kwani inayotupwa huishia baharini, na ng'amba huimeza. Lakini risha moja iliyotunzwa miaka 10 si mfuko wa dukani. Pembe ya ng'ombe, ambayo machinjioni ni taka, ni keratini kama gamba, nayo ikikatwa na kusuguliwa kwa subira hukaribia kupokea joto la kidole kwa namna ile ile. Kifuu cha nazi ni kigumu na huvunjika ncha, ila kuna wanaokipenda kwa sauti yake nene. Wahunzi wana msemo wao kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nao hawakuusema wakiwa na koleo jipya mkononi.

Yule mpigaji, basi, amjibu nini mwanafunzi wake? Amwambie kweli yote: kwamba ni ng'amba, kwamba mkono wake unaipenda, kwamba alipewa na marehemu, na kwamba haipatikani tena wala isitafutwe. Kisha aifunge kijisandukuni mbele yake, si kwa kuizika wala kwa kuitukana, bali kama mtu anavyokunja kanzu ya baba yake, na atwae kipande cha pembe ya ng'ombe ambacho kijana amekikata vibaya, upande mmoja mnene kuliko wa pili. Wiki ya kwanza itamzunguka vidoleni. Nyimbo alizokuwa akizipiga amefumba macho itambidi azitazame. Mara mbili au tatu itamponyoka katikati ya kipande na kutumbukia katika tundu la gitaa, na jioni hiyo, mbele ya mwanafunzi wake, fundi wa miaka 30 ataligeuza gitaa kifudifudi juu ya magoti na kulitikisa, akisikiliza kipande kinavyogonga huku na huku ndani ya mbao, akingoja kidondoke.